Mkojo wa Kuazima

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sikuanza jana. Nikiwa mtoto, tukitembelea watu, nilikuwa nachukua kikombe nilichopewa, natoka nje, nakisuuza upya mferejini kabla ya kumiminiwa chai. Mama alinichapa kwa sababu hiyo, maana ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchafu. Sikuacha. Leo nina kihoteli mtaani Bondeni, meza nne na majiko mawili ya makaa, na vijiko vyangu huchemshwa kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wateja hunitania. "Mathe, hapa kwako hata nzi lazima anawe mikono." Huwajibu kwamba anawe halafu asepe.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani najitetea. Sijitetei. Kinyaa changu ndicho kilichofanya mambo ninayotaka kuyaeleza, na siku hizi kikinipanda najitazama mwenyewe kwanza.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Kliniki niliyohudhuria ilikuwa na choo kimoja kwa akina mama wote. Mlango haukuwa na komeo, ulifungwa kwa kipande cha waya ambacho mtu akisukuma kidogo kinalegea. Sakafuni kulikuwa na majimaji ambayo hayakutoka mferejini, na pembeni pamba zenye damu, na harufu iliyopanda puani ikashuka kooni ikakaa huko mpaka jioni. Humo ndimo ulitakiwa uchuchumae na tumbo lako, ushike kikombe cha plastiki kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, halafu utoke nacho mbele za watu kama mtu aliyetoka kukama. Niliingia mara moja, nikatapika, nikaapa sitaingia tena.

Tangu siku hiyo nilibeba mkojo wangu kutoka nyumbani, ndani ya chupa ya asali niliyoichemsha, nikaifunga kwa gazeti. Muuguzi, ambaye sote tulimwita daktari, hakujali. Alichotaka ni kikombe kiwe na kitu ndani. Alichovya humo kijikaratasi chenye vibandiko vya rangi, akakilinganisha na picha zilizo kwenye mkebe wake, akaandika kitabuni. Kibandiko cha protini kikibaki manjano, uko sawa. Kikigeuka kijani, ina maana figo zinavuja, na kwa mwenye mimba hiyo ni habari mbaya. Changu kilibaki manjano kila mara. Nilijivunia utadhani nimepewa cheti.

Kisha akaja wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Wao wanaishi juu Molo, wanalima viazi, na nyumba yao iko mbali na lami. Mvua ikinyesha hata trekta hukwama. Kwetu mke akibeba mimba ya kwanza hukabidhiwa dada mkubwa wa mume, na neno la huyo dada halipingwi. Basi nikakabidhiwa. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye haya, na jibu lake kwa kila kitu lilikuwa "sawa dada."

Nilimwonea kinyaa. Acha niseme ukweli. Alitafuna yale mawe laini ambayo wajawazito hununua sokoni, na mlio wake ulinifanya nitake kutoka nje. Muuzaji alimwambia yametoka upande wa Kariandusi, kule wanakochimba udongo mweupe wa viwandani, na yeye akaona hiyo ni sifa. Alitema mate kwenye mkebe aliouweka chini ya kitanda. Alipuliza chai kwa sauti. Kufikia mwezi wa saba wa mimba miguu yake ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki palepale. Uso nao ukajaa. Mdogo wangu alipokuja kumwona alifurahi sana.

"Sister, unamlisha poa. Cheki vile amenona."

Nikaipokea sifa hiyo.

Siku yake ya kwanza kliniki aliingia chooni akatoka na kikombe kitupu. Akarudi, akatoka tena na kikombe kitupu.

"Imekataa, dada. Wanasukuma mlango."

"Si ukojoe tu. Nani anakuangalia?"

"Wananisikia."

Kwao mtu huenda nyuma ya ua wa miti, na upepo wa Molo hausikilizi mkojo wa mtu. Hapa kulikuwa na wanawake sita nje ya mlango, wakigonga na kuulizana kama yule wa ndani amelala. Namba yetu ikaitwa. Nilikuwa nimeacha maharagwe jikoni, na wateja wa saa saba hawangojei. Nikachukua kikombe chake, nikafungua chupa yangu, nikammiminia nusu.

"Mkojo ni mkojo," nikamwambia. "Si sote tuna mimba?"

Alicheka akijiziba mdomo. Mama aliyeketi kando yetu, aliyetoka Elburgon alfajiri, alicheka pia, akasema hata yeye aliazimwa mwezi uliopita, kwa sababu ile baridi ya njiani hukushusha vichakani mara tatu na ukifika hapa huna tone. Ndivyo benchi lile lilivyokuwa. Tuliazimana kalamu, leso na mkojo. Ulikuwa ungwana, kama kumpa jirani chumvi, na hakuna aliyeuona kuwa kosa.

Mara ya pili nikammiminia tena. Muuguzi alimfunga kipimo cha presha mkononi, akakifungua, akakifunga tena.

"Presha imepanda, lakini mkojo ni safi," akasema. "Ulikuwa unakimbia?"

"Hapana, daktari."

Alimpa vidonge, akamwambia apumzike, asibebe vitu vizito, arudi baada ya wiki mbili. Akasema mkojo nao ungekuwa umebadilika, angemlaza siku hiyohiyo. Nililisikia hilo kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye meza yake, na chupa tupu ikiwa mkobani.

Siku hiyo pia bwana mmoja mwembamba mwenye miwani alipita kwenye benchi akiomba damu kwa wenye presha iliyopanda. Alieleza vizuri. Kuna ugonjwa wa presha unaowavamia wajawazito, alisema, na mara nyingi hugunduliwa mambo yakiwa yameshaharibika. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta alama katika damu: sukari, mafuta, na taka za mwili kama asidi ya yuriki, ambayo figo zenye afya huitupa nje na figo zilizochoka huiacha izunguke. Wakizisoma alama hizo mapema, huenda siku moja wakajua nani yuko hatarini kabla hajavimba. Aliongea kwa heshima, na nadhani wifi alikubali kwa sababu ya heshima hiyo tu. Akanyoosha mkono, akatazama pembeni, wakachukua.

Mara ya tatu nilibeba chupa kubwa. Choo kile hakijawahi kunichefua kama hili linavyonichefua: kwamba nilikumbuka kutafuta chupa kubwa. Nilisimama mbele ya kabati langu, nikaziangalia chupa, nikachagua.

Nyumbani alianza kuumwa kichwa. Alijifunga kitambaa akakikaza, akaendelea kumenya viazi. Siku moja akasema anaona kama cheche mbele ya macho. Siku nyingine akashika chini ya mbavu, akasema panamuuma hapo. Nikamwambia ni mawe anayokula. Asubuhi moja alitapika ndani ya beseni ninalooshea sukuma wiki, nami nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia hapa si Molo, hapa watu wanakuja kula. Aliomba msamaha amepiga magoti, akilisugua beseni kwa mchanga, na kila alipoinama alishika kichwa. Beseni nililitupa hata hivyo.

Tulipokwenda mara ya nne, yule bwana wa miwani alikuwa anatungoja kwenye dirisha la maabara pamoja na muuguzi. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Mama, hii damu na hii mkojo haziskizani," akamwambia wifi. "Damu inasema figo zimechoka. Asidi ya yuriki iko juu, na hata ini inalalamika. Halafu mkojo inasema uko fiti."

"Mkojo tumepima mara tatu," muuguzi akasema. "Damu ni mara moja. Si labda ilikaa kwa jua?"

"Inawezekana. Ikikaa vibaya hudanganya." Akamgeukia tena wifi, kwa upole uleule. "Mama, hii mkojo ni yako kweli?"

Wifi alinitazama mimi. Kwetu ndivyo ilivyo, dada wa mume akiwepo, yeye ndiye hujibu. Nyuma yetu benchi lilikuwa linasikiliza, na wa tatu katika foleni alikuwa mwalimu, mjamzito mwenzetu, ambaye hula chapati kwangu kila Ijumaa. Nikaona jinsi habari itakavyotembea Bondeni nzima: yule mama wa vijiko vya kuchemsha hutembea na mkojo kwenye chupa ya asali, tena anaugawa.

"Ni yake," nikasema. "Si mimi ndio huja na yeye?"

"Basi alete ingine saa hii," muuguzi akasema.

Alikwenda. Alikaa humo ndani kwa muda mrefu. Waligonga, wakalalamika, mmoja akapiga mlango teke, hakutoka. Mimi nilisimama nje nimekumbatia mkoba wangu. Hatimaye waya ulilegezwa, mlango ukafunguka kidogo, akanionyesha kikombe. Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo inamtetemeka, lakini alikuwa anatabasamu.

Mkojo ulikuwa kidogo, haukufika hata robo ya kikombe. Ulikuwa na rangi ya chai ya strungi iliyochemka sana, na juu yake povu zito lisilotaka kushuka. Harufu yake ikanifikia. Nikafikiria kitu hicho kikibebwa mpaka dirishani mbele ya mwalimu. Nikafikiria pia, na hili sitalificha, kwamba wakiuona huu wataniuliza ule mwingine wote ulitoka wapi.

"Utaonyesha watu hii?" nikamwambia. "Lete hapa."

Nikakinyakua kikombe, nikaingia ndani ya choo kile nilichoapa kutoingia tena, nikaumwaga shimoni. Nikakisuuza kikombe kwa maji yangu ya kunywa. Nikafungua chupa, nikamimina wangu. Alisimama ameegemea ukuta akinitazama nikifanya kazi hiyo, na nilipomrudishia kikombe alisema, "Sawa dada."

Kijikaratasi kikabaki manjano. Muuguzi akamtupia bwana wa miwani jicho la si nilikwambia. Yeye akajikuna shingo, akaitazama karatasi yake tena, akasema basi damu itachukuliwa upya keshokutwa, gari la sampuli likija. Tukaenda nyumbani. Mchana huo nilipika pilau na wateja waliisifu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alianguka. Nilikuwa nakata vitunguu, yeye alikuwa anafuta meza. Nilisikia benchi likipinduka. Mwili wake ulikakamaa, meno yakaumana, akaanza kurukaruka sakafuni, povu lenye damu likimtoka mdomoni kwa sababu alikuwa ameuma ulimi. Alijikojolea. Mteja mmoja alisema ni mapepo, mwingine akasema apewe kijiko aume. Nami, niliyekabidhiwa, niliyepaswa kumshika, kwa muda fulani mikono yangu ilikataa kumgusa. Sijui ulikuwa muda gani. Mteja aliyetoka kunywa chai ndiye aliyepiga magoti kwanza na kumgeuza ubavu.

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Walimwekea mrija, na ule mkojo mweusi ukashuka polepole kwenye mfuko. Daktari, mwanamke kijana, alichovya kijikaratasi chake, nacho kikageuka kijani kilichoiva kabla hajakitoa vizuri. Akafungua kitabu cha kliniki.

"Jana ilikuwa safi?" akauliza. "Hii haiwezekani."

Nikamwambia. Nilimwambia pale pale, mbele ya wauguzi wawili na mtu wa kufagia.

"Mara ngapi?"

"Nne."

Akaandika. Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Alisema tu kwamba huu ndio ugonjwa unaoishia kuwa kifafa cha mimba, na hawakuwa na uwezo wa kuuzuia usianze. Lakini wangejua hata wiki moja mapema, wangemlaza, wangemchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na wangechagua wenyewe saa ya kumtoa. Sasa hapakuwa na saa ya kuchagua. Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mdogo wangu alifika kutoka Molo akiwa bado na gambuti za shambani, udongo ukidondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki, akamtazama mtoto wake kwenye kisanduku cha kioo akivuta pumzi kwa kifua kizima, mbavu zikiingia ndani kila mara. Mtoto aliishi siku mbili. Wifi alipopata fahamu vizuri mtoto alikuwa ameshafungwa shuka.

Nilimweleza mdogo wangu na mama yangu kila kitu. Mama hakulia. "Mficha uchi hazai," akasema. "Sasa wewe ulificha uchi wa nani?" Mdogo wangu alisema ni mpango wa Mungu. Watu wa kanisa walikuja nao wakasema hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, wakinywa chai yangu, nami nilikaa pale nimechefuka. Walikuwa wananipa Mungu nijifutie mikono. Mmoja aliniomba kijiko kingine cha sukari.

Nilirudi kliniki nikamwambia muuguzi, safari hii benchi likisikia. Mwalimu hakuwepo, lakini wengine walitosha, na habari ilifika Bondeni kabla yangu. Kuna wateja walioacha kuja. Bwana wa miwani alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Kumbe damu haikukaa kwa jua." Baada ya wiki chache waliweka komeo kwenye mlango wa choo. Komeo moja na misumari minne. Nilipoliona nilitaka kuling'oa kwa meno, kwa hasira. Miezi yote ile tulikuwa tunacheka na kuazimana mkojo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema mlango huu hauna komeo.

Mimi nilijifungua salama. Msichana, mnene, analia kwa sauti ya kuuza samaki. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Wifi alikuja kumwona mtoto, kama inavyotakiwa. Alileta gunia la viazi na maziwa kwenye mtungi. Alikuwa amekonda, uso ule uliojaa ulikuwa umeondoka, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mashavu ya mifupa na macho makubwa. Aliosha vyombo bila kuombwa. Akanawa mikono, akambeba binti yangu, akakaa naye karibu na jiko.

Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa miezi kadhaa. Nikayasema yote. Nilisema sikujua. Nilisema nilifikiri namsaidia, kwa vile yeye mwenyewe alikuwa anashindwa kukojoa watu wakimsikia, na foleni ilikuwa ndefu, na hata wengine walikuwa wanafanya. Nilisema kama angekuwa anaweza, singemimina hata tone. Nililia pia, na sauti ya kilio changu haikunipendeza.

Alinisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Ni kweli, dada, nilikuwa nashindwa," akasema. Akamfuta mtoto mdomo kwa kidole. "Lakini hiyo siku ya mwisho nilikuwa nimeweza."